King'ora Kikilia Mwembe Tayari

Katika kila mji ziko sauti ambazo mkaaji wake hujua maana yake pasipo kuambiwa. Hapa Mombasa adhana yajulikana, kengele ya kanisa yajulikana, na honi ya feri ya Likoni yajulikana vile vile. Lakini iko sauti moja ambayo wengi wetu twaisikia kwa masikio wala hatuifanyii neno lo lote kwa mikono wala kwa miguu, nayo ni king'ora cha gari la wagonjwa au cha gari la zimamoto. Sauti hiyo si pambo la gari, wala si majivuno ya dereva. Ni ombi la mtu asiyeweza kusema mwenyewe, naye aomba kitu kimoja tu: njia.

Kusudi la makala haya ni kumweleza msomaji, awe dereva wa matatu au wa basi, awe mwenye gari lake mwenyewe, mpanda pikipiki, msukuma mkokoteni au mwenda kwa miguu, yampasayo kutenda asikiapo sauti ile. Tena yafaa aelezwe sababu zake, kwa maana amri isiyoelezwa sababu hutiiwa mbele ya askari tu, na askari akigeuza kisogo husahauliwa.

Mahali penye shida

Tumechagua kusema habari za Mwembe Tayari kwa sababu ni kama kioo cha mji mzima. Wazee husimulia kwamba jina hilo latokana na mwembe ambao chini yake misafara ya zamani ilikusanyika, mizigo ikafungwa na watu wakapangwa, mpaka ikasemwa kwamba wote wako tayari kwenda bara. Hata leo kazi ya mahali pale haikubadilika sana. Mabasi ya kwenda Nairobi na miji mingine ya mbali yana ofisi zake huko, abiria hushuka na kupanda usiku na mchana, na soko lake huvuta wanunuzi kutoka kila mtaa wa kisiwani. Sanamu za askari zilizowekwa kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918 zasimama kando ya barabara ile ile, ambayo leo yaitwa Jomo Kenyatta Avenue.

Barabara hiyo ndiyo itokayo katikati ya mji kwenda Makupa, na kutoka Makupa kwenda Changamwe na bara yote. Mtu aliyeumia barabarani upande wa Miritini au Mariakani hawezi kufikishwa katika hospitali kuu ya Pwani, iliyoko Tononoka, mpaka avuke Makupa na kuingia kisiwani. Aliyetoka Kwale na Diani kwa njia ya Likoni yampasa avuke kwa feri, kisha apenye katikati ya mji. Aliyetoka Kisauni avuka Daraja la Nyali. Kisiwa ni kidogo, milango yake ni michache, na watu ni wengi: hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kwa hiyo mlango mmoja ukizibwa, au barabara moja ikifungwa na magari yaliyosimama ovyo, mgonjwa hana njia nyingine ya kuzungukia. Mji wa bara una njia kumi za kuingia. Mji wa kisiwani hauna hata tano.

Na pale Mwembe Tayari vitu vya kuziba njia havikosekani. Matatu hupanga foleni mbili mahali palipowekwa moja. Basi hushusha magunia na masanduku huku nusu ya mwili wake ikiwa barabarani. Tuktuk hujipenyeza katika kila upenyo, na bodaboda hufuata. Mkokoteni wenye mzigo wa viazi hauwezi kukimbia hata mwenyewe akitaka. Mwenye kuuza viatu ametandaza bidhaa zake mpaka ukingo wa lami, na mwenda kwa miguu, akiwa amenyang'anywa njia yake, hutembea katikati ya magari. Kila mmoja wao ana sababu, kwa maana kila mmoja atafuta riziki ya halali. Lakini sababu ishirini njema zikikutana mahali pamoja zaweza kumwua mtu mmoja asiye na kosa.

Dakika zina bei gani?

Huenda msomaji akasema, “Ni dakika mbili tatu tu, zina neno gani?” Basi na tufanye hesabu.

Mtu ambaye moyo wake umesimama, au ambaye pumzi zake zimezibwa, ubongo wake huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi akikosa hewa. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa damu aweza kufa katika muda mfupi kuliko ule wa kupika chai. Mama mwenye kutokwa na damu baada ya kujifungua hana saa nyingi za kungoja. Nao moto ulioanza kwa mshumaa au kwa waya mbovu waweza kumezwa kwa ndoo chache mwanzo wake, lakini ukipata dakika chache za kujilisha huteketeza chumba kizima, kisha nyumba, kisha nyumba ya jirani.

Sasa tuseme kwamba kati ya Makupa na hospitali gari la wagonjwa lakutana na watu kumi wasiopisha upesi, na kila mmoja alichelewesha kwa nusu dakika tu. Hakuna hata mmoja kati yao atakayejiona kuwa mkosaji, kwa maana nusu dakika ni kitu gani? Lakini mgonjwa amepoteza dakika tano, nazo ni nyingi kuliko zile nne tulizozitaja. Hivyo ndivyo mtu afavyo barabarani pasipo mwenye kumwua. Wahenga walisema, “Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.” Katika jambo hili maneno yao si mfano wa kupambia mazungumzo, bali ni habari yenyewe.

Na yule aliyepisha, amepoteza nini? Kuvuta gari kando, kusimama, na kurudi tena njiani humchukua mtu muda wa kama nusu dakika. Dereva wa matatu aliye mwepesi wa hesabu na aweke nusu dakika yake upande mmoja wa mizani na roho ya mtu upande wa pili, kisha aseme ni upande upi ulio mzito.

Sheria yasemaje?

Sheria ya trafiki ya Kenya, sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953 nayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Sheria hiyo haikuyaweka magari yote katika daraja moja. Gari la zimamoto, la wagonjwa, au la polisi, likiwa katika kazi ya dharura, lina ruhusa ambazo gari jingine halina. Mjini, ambapo mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndio mpaka wa magari ya kawaida, gari kama hilo laweza kuzidisha mwendo ikiwa kazi yake yahitaji hivyo. Lakini ruhusa hiyo haimwondolei dereva wake lawama akiendesha kwa hatari.

Mataifa nayo yamekubaliana juu ya jambo hili. Katika mapatano ya usafiri wa barabara yaliyofanywa Vienna mwaka 1968, kifungu cha 34 kinaagiza kwamba kila atumiaye barabara, akionywa kwa taa na kwa sauti ya gari la dharura, aliachie gari hilo nafasi ya kupita, na ikibidi asimame. Kifungu hicho hicho humruhusu dereva wa gari la dharura asifuate baadhi ya kanuni za mwendo, maadamu hawatii wengine hatarini, na maadamu hapuuzi ishara za askari aliyesimama njiani. Kwa hiyo jambo hili halikubuniwa na mtu mmoja wa Mombasa ili awasumbue madereva. Watu wa mataifa mengi wamekaa chini wakaliona kuwa haki.

Iko sheria nyingine iliyo kubwa kuliko hizo, nayo ni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 chasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Tena Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikafafanua kwamba matibabu hayo ya dharura ni pamoja na huduma apewayo mtu kabla ya kufika hospitalini. Sasa na tufikiri. Ikiwa matibabu yaanzia ndani ya gari lililo njiani, basi barabara ile ni sehemu ya hospitali. Azibaye njia ya gari la wagonjwa hana tofauti na mtu aliyesimama mlangoni pa chumba cha upasuaji akamzuia daktari asiingie. Hatungemvumilia mtu wa namna hiyo hospitalini. Kwa nini tumvumilie barabarani?

Ukisikia king'ora, fanya haya

Kwanza, usishtuke. Dereva wengi wakisikia king'ora hukanyaga breki pale pale walipo, na hivyo huwa ukuta badala ya kuwa njia. Punguza sauti ya redio, fungua kioo, na tazama katika vioo vyako ujue gari latoka wapi. Si rahisi kujua kwa sikio peke yake, kwa maana katika barabara zenye majumba marefu pande zote sauti hugonga ukuta na kurudi, nawe waweza kudhani lipo mbele kumbe li nyuma yako. Macho ndiyo yatakayokuambia kweli.

Pili, toa ishara, kisha jongea upande wa kushoto taratibu, na usimame ikiwa nafasi yaruhusu. Usigeuze gari ghafula, kwa maana mpanda pikipiki au msukuma mkokoteni yu karibu nawe upande ule. Kupisha ni kwema, lakini asipishwe mgonjwa mmoja kwa kumvunja mguu mwingine.

Tatu, usisimame mahali pabaya. Juu ya Daraja la Nyali, katika kona, au mahali palipo pembamba, ukisimama wewe na mwenzio akisimama upande wa pili, mmekwisha kufunga mlango. Mahali kama hapo endelea mbele kwa mwendo wa kiasi mpaka upate upana, ndipo upishe.

Nne, kwenye njia panda na mizunguko, kama ile ya Makupa, ikiwa hujaingia, ngoja nje. Ikiwa umekwisha kuingia, toka upesi kwa usalama kisha usimame kando. Usivuke taa nyekundu kwa kisingizio cha kupisha, isipokuwa askari wa barabarani amekuamuru kwa mkono wake. Neno la askari hushinda taa.

Tano, likiisha kupita usikimbilie kurudi njiani. Tazama nyuma mara ya pili. Magari ya zimamoto mara nyingi hayaendi moja moja, na gari la wagonjwa laweza kufuatwa na la polisi. Ajali nyingi zaweza kumpata yule aliyempisha wa kwanza kwa adabu akasahau kwamba yupo wa pili.

Sita, usilifuate. Huu ni ugonjwa wa madereva wenye haraka zao wenyewe: gari la wagonjwa likifunguliwa njia, wao hujipachika nyuma yake kama kupe katika mkia wa ng'ombe, wakapata kupita foleni bure. Huo ni wizi. Waliopisha hawakumpisha yeye, walimpisha mgonjwa. Tena gari la mbele likifunga breki ghafula, mwizi huyo atamgonga mgonjwa yule yule ambaye ametumia jina lake.

Saba, mahali palipo na moto, usipitishe gari juu ya mpira wa maji wa zimamoto. Gari la zimamoto huchukua maji ya kiasi tu, na mpira ukikanyagwa maji hukatika wakati askari yu mbele ya moto. Wala usiegeshe gari juu ya mahali pa kuchotea maji, au penye mlango wa kuingilia.

Haya si mambo ya dereva peke yake. Wewe mwenda kwa miguu, usivuke mbele ya gari lenye king'ora kwa kudhani litakungoja. Wewe utingo, ukiwa umening'inia mlangoni, macho yako ni marefu kuliko ya dereva wako, mwambie. Nawe abiria, usimhimize dereva asisimame. Kama wewe ndiye uliyemchagua aendeshe kwa fujo, sehemu ya dhambi yake ni yako.

Njia haizuliwi king'ora kikilia

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Watu wengi wa Mombasa si wabaya wa moyo. Wakisikia king'ora hutaka kupisha, lakini hawana pa kwendea. Nilipata kushuhudia jambo hili alasiri moja pale Mwembe Tayari. Gari la wagonjwa lilikuja likilia, likakuta basi likishusha mizigo upande mmoja na foleni ya matatu upande wa pili, na katikati pamejaa tuktuk. Kila dereva aligeuza usukani huku na huku, na hakuna aliyeweza kusogea hata hatua mbili. Muuza kahawa mmoja, mtu mzima wa makamo, aliweka mabuli yake chini akapaza sauti, “Wanangu, mgonjwa haulizwi uji! Toeni huo mkokoteni!” Hamali wawili wakaunyanyua mkokoteni pamoja na mzigo wake, wakaupandisha juu ya ukingo, tuktuk moja ikapata kurudi nyuma, na ya pili ikafuata, mpaka upenyo ukapatikana. Gari likapita. Aliyekuwa ndani yake aliishia vipi, sisi tuliobaki barabarani hatukupata kujua. Lakini tulijua kwamba alikaa pale muda mrefu, akisikiliza king'ora chake mwenyewe.

Somo la siku ile ni hili: nia njema ya wakati wa shida haitoshi. Njia yafaa iwekwe wazi kabla ya king'ora kulia. Wajerumani wameligeuza jambo hili kuwa sheria. Katika barabara zao kuu, magari yaanzapo tu kwenda mwendo wa mtu wa miguu kwa sababu ya msongamano, madereva wa mstari wa upande mmoja hujongea ukingoni, na wa mistari mingine hujongea upande wao, hata pabaki uchochoro katikati. Hufanya hivyo hata kama hakuna gari la dharura linaloonekana wala kusikika. Majirani zao wa Austria nao wakaifuata desturi hiyo kwa sheria tangu mwaka 2012. Hawangoji mgonjwa aje ndipo watafute pa kumpitisha. Wamekwisha kumwekea nafasi, kama mwenye nyumba amwekeavyo mgeni sahani asiyejua atakuja saa ngapi.

Hapa petu barabara nyingi hazina upana wa Ujerumani, lakini desturi yenyewe haihitaji upana, yahitaji adabu. Basi la mizigo na lingoje zamu yake liingie mahali pake. Matatu zisipange foleni ya pili. Mwenye duka asiweke masanduku mbele ya mlango wake mpaka lami. Foleni ikisimama, kila dereva aache nafasi ya kugeuzia gari mbele yake, asiliguse la mwenzake kwa pua. Yule aliyebana mbele na nyuma hawezi kupisha hata akipenda.

Tusisahau kwamba nchi yetu imekwisha kuonja uchungu huu. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, watu 213 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Barabara za mji zilijaa umati na magari, na majeruhi wengi walichukuliwa hospitalini kwa magari ya watu binafsi na matatu. Siku kama ile haitoi taarifa kabla ya kuja. Mji uliozoea kupisha mgonjwa mmoja kila siku ndio utakaoweza kupisha wagonjwa mia siku ya msiba.

Vichochoro vya Mji wa Kale

Toka Mwembe Tayari uteremke mpaka Mji wa Kale, utaona taabu ya namna nyingine. Njia za huko, mbali na Ndia Kuu na chache nyingine, ni vichochoro vilivyopimwa kwa mabega ya watu na ubavu wa punda, wala waliovijenga hawakuota habari za gari la zimamoto. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, dari zake ni za boriti, na milango na madirisha yake ni ya mbao za thamani. Moto ukishika nyumba moja, jirani hana bahari kati yake na huo moto.

Njia hizo haziwezi kupanuliwa, wala haifai kuzipanua, kwa maana mji ule ni urithi. Lakini ziwezavyo kupitika, na zipitike. Pikipiki iliyoegeshwa mlangoni, mkokoteni uliolazwa usiku kucha penye kona, gari lililoachwa mdomoni mwa uchochoro na mwenyewe amekwenda msikitini au kazini: vitu hivi havimsumbui mtu siku mia tatu za mwaka. Siku ya moto, kitu kimoja kati ya hivyo chatosha kuliacha gari la zimamoto nje, na askari wakaanza kuunga mipira kutoka mbali. Wazee wa mitaa na vijana wa mabaraza wakikubaliana kwamba midomo ya vichochoro isizibwe, hapatahitajika askari kuwalinda.

Haki ina pande mbili

Tumesema mengi juu ya wajibu wa wapishao. Si haki kunyamaza juu ya wapishwao. King'ora ni kama neno la mtu mkweli: kikitumiwa kwa uongo mara moja, hakisadikiwi mara ya pili. Kila mtu anakijua kisa cha kijana mchungaji aliyepiga kelele za simba bila simba, na jinsi simba alivyokuja kweli watu wasitoke. Gari la wagonjwa liliapo king'ora ili dereva wake awahi chakula, au gari la mkubwa fulani lijitialo taa za rangi na sauti za dharura ili lisikae katika foleni pamoja na wananchi, huharibu imani ya watu wote. Madereva husema, “Hao ndio wale wale,” wakakaa. Na siku hiyo ndani yake kuna mtoto anayekufa. Basi mwenye kukitumia kwa hila hamdanganyi askari tu, bali amwibia mgonjwa wa kesho njia yake.

Kadhalika dereva wa gari la dharura na akumbuke kwamba king'ora ni ombi, si ngao. Katika njia panda na apunguze mwendo mpaka aone kwamba amesikiwa. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hupita kama mita 14 katika sekunde moja. Dereva wa upande wa pili aliyeinamia simu yake kwa sekunde tatu amekwisha kwenda mita arobaini na zaidi asione kitu. Gari la wagonjwa lililoanguka halimfikishi mgonjwa po pote, tena laongeza wagonjwa.

Lipo na swali la wale wasiopata gari la wagonjwa, nao ni wengi. Mama ameshikwa na uchungu usiku, na jirani mwenye tuktuk ndiye msaada uliopo. Dereva huyo hana haki za gari la dharura kwa sheria. Haimpasi kuvuka taa nyekundu wala kwenda kinyume cha njia. Awashe taa zake za tahadhari, apige honi kwa kiasi, na akikuta askari amweleze, naye askari mwema hatamwacha. Lakini sisi tumwonapo tusingoje sheria itulazimishe. Ni bora kumpisha tapeli mmoja kuliko kumzuia mzazi mmoja. Tena ni vema kila nyumba ijue namba za kuitia msaada: 999 au 112 kwa polisi na dharura, na 1199 kwa magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Namba isiyojulikana mchana haitafutwi kwa utulivu usiku.

Zamu ya kila mtu

Wahenga walisema pia, “Haraka haraka haina baraka,” nao walisema kweli. Haraka yetu ya kila siku Mwembe Tayari, ya kuwahi abiria mmoja au kutangulia gari moja, haina baraka yo yote, nayo ndiyo inayoziba njia. Lakini iko haraka moja yenye baraka, nayo ni haraka ya kuokoa roho. Kupisha gari la dharura ni kuiacha haraka yetu ndogo ili iende ile kubwa.

Leo mgonjwa ni wa mtu mwingine, nawe u nyuma ya usukani ukiwa na afya yako. Hujui kesho ni nani atakayelazwa nyuma ya gari lile, akitazama dari yake nyeupe na kuhesabu kila lisimamapo. Ajali haina kinga, na ugonjwa haupigi hodi. Basi ndugu dereva, ukisikia king'ora kesho asubuhi karibu na sanamu za askari, toa ishara, vuta gari lako kando, simama, na uhesabu mpaka thelathini. Hesabu hiyo haitakufanya maskini, na huenda ikamrudisha baba wa watu nyumbani kwake.